Bukari ya Mashimo Matatu

Eness Mwaka alipikia madereva wa malori ya samaki bukari, ule ugali wa muhogo, miaka mingi ku Nchelenge, kando ya ziwa, ku muteremko chini kidogo ya pompe ya mazuti ya malori. Alikuwa mufupi, mwenye mikono minene. Salamu yake kwa wageni ilikuwa moja: "Kaa, kula, samaki yako inaoza mu lori."

Maji ya kupikia alichota mu kisima nyuma ya jiko. Mume wake Kabamba alikichimba peke yake, siku tisa, na mwaka ule ule akakufa. Eness hakuongea sana juu ya ile. Alichota tu, kila asubuhi, kisha akafunika na bati.

Mu mwaka wa 1974 madereva balianza kulalamika. Wa kwanza alikuwa Fabien, wa Lubumbashi, mutu wa tumbo kubwa na kinywa kikubwa kuliko tumbo.

"Mama Eness, hii bukari inanuka mazuti!"

"Weye njo unanuka mazuti."

"Lori yangu njo inakunywa mazuti, mama. Miye nakunywa pombe. Usituchanganye."

Batu balicheka. Lakini kesho yake mwingine alisema vile vile, na kesho kutwa mwingine. Patron Florent, mwenye pompe, aliapa kwamba tangi yake, yenye ilizikwa mu udongo, haina tundu hata la kupitisha sindano.

Habari ilifika Mansa, na kutoka kule akakuya Rodwell, kijana wa serikali, soksi mpaka magoti, karatasi mpaka kidevu.

"Bamayo," alisema kwa heshima, "kama mazuti imefika ku kisima, tutakifukia."

"Kufukia?"

"Na udongo, mukwai. Mpaka juu."

Eness alikaa chini. Tangu kilio cha Kabamba, hakuna mutu alikuwa amemuona amekaa chini muchana.

Rodwell alichimbisha mashimo matatu, apime mazuti imefika wapi: la kwanza upande wa juu wa pompe, kwenye mazuti haiwezi kupanda, la pili chini yake, la tatu karibu na kisima. Ziwa liko pale pale, maji hayako mbali, yalipanda yenyewe. "Tuyaache yatulie," alisema, akapanda mutumbwi kwenda Kilwa, kisiwa cha mu ziwa lile lile, kukagua mapipa ya mafuta ya kule. Upepo ukamufunga ku kisiwa siku tano.

Sasa, ku Nchelenge, shimo lenye maji yametulia, karibu na njia, na halina mwenyewe, ni la kazi moja tu: kuloweka mihogo. Banamuke hawakuuliza mutu. Siku ya pili mashimo yalikuwa yamejaa. Brigitte, jirani wa Eness, alichelewa na kuachiwa la pili, akanung'unika siku nzima. Hata Eness mwenyewe alitia kikapu chake mu la tatu. Alikuwa anawaza kisima. Mikono ilifanya yake.

Rodwell alirudi, akachungulia. Maji meupe kama maziwa, povu juu. Na harufu! Mihogo ya siku tano inanuka kama viatu vya mutu aliyetoka Kasama kwa miguu.

"Nani alifanya hivi? Haya ni mashimo ya serikali!"

"Serikali ilikuwa na mihogo ya kuloweka?" Brigitte aliuliza.

Rodwell aliinama kutafuta harufu ya mazuti, akainuka na machozi. "Hapa pua haifanyi kazi. Nitachimba mengine."

"Chimba, baba," Brigitte alisema. "Ku nyumba niko na mihogo ingine."

Eness njo alikata maneno. "Muhogo unakunywa maji yenye umelala ndani. Tuukaushe, tutwange, tupike bukari tatu. Tutakula, tutajua."

Jua lilikausha siku mbili. Siku ya tatu balikaa: Rodwell, Florent, Eness, na Fabien, sababu ulimi wake njo ulianza matata. Beseni ya kunawa ilipita, Florent kwanza, maana ni patron.

Bukari ya shimo la kwanza. Fabien alitafuna. "Mazuti."

"Juu ya pompe?" Rodwell alikuna kichwa.

"Voilà!" Florent aliruka. "Haitoki kwangu! Inatoka mu udongo yenyewe. Zambia imepata mafuta!"

Ya pili: "Mazuti sana." Ya tatu, Eness aliangalia taya la Fabien likienda, likirudi.

"Mazuti, mama. Pole."

Eness aliinuka akamwage maji ya beseni, apate tu la kufanya. Juu ya maji kulikuwa ngozi ya rangi rangi, inacheza. Alinusa vidole vyake: mazuti.

"Patron, ulikuwa wapi mbele ya kuya hapa?"

"Nilikuwa napima tangi na fimbo."

"Na weye Fabien, kila siku, mbele ya kukula?"

"Natia lori mazuti, mama. Nani atatia? Bibi yangu?"

Balisugua mikono na muchanga, kisha sabuni, Eness akibamwagia mumoja mumoja kama batoto. Balianza tena.

Ya kwanza: "Muhogo," Fabien alisema, kama mutu aliyeibiwa. Ya pili Florent alimeza tonge zima. "Tamu kabisa!" alisema, macho yanatoka maji. Halafu akacheua mazuti, na Fabien akazima sigara yake mbio.

Ya tatu Eness alijilisha mwenyewe. Alitafuna. Akameza. Akatafuna tena, kinywa kitupu.

"Muhogo," alisema.

Rodwell naye alionja, akatoa karatasi ya serikali ya kujaza. "Banauliza nilipima na chombo gani."

"Andika sufuria," Fabien alisema.

Aliandika kwamba tangi itolewe, na udongo wote unaonuka. "Na kisima kibaki."

"Sema tena," Eness alisema.

"Kisima kibaki, bamayo."

"Sema kwa nguvu. Asikie."

"Nani?"

"Sema tu."

Rodwell alisimama na soksi zake ndefu, akageukia nyuma ya jiko, akapiga kelele: "Kisima kibaki!"