Ndelilio na Vigae vya Mwanawe

Naomba nisiulizwe kwa nini simsalimii Jackson. Mimi na mama yake, Ndelilio, tulikuwa majirani kule Machame, tumetenganishwa na migomba tu, na yote niliyaona kwa macho yangu.

Jackson alifanya kazi kampuni moja Dar. Miaka ile ya tisini kila mtoto wa mlimani aliyepata vijisenti alijenga kwao nyumba ya kulala wiki moja ya Krismasi. Yake aliisimamisha mbele ya kibanda cha mabanzi alicholala mama yake. Ilikuwa na bafu la vigae vyeupe mpaka juu, bomba la mvua, maji ya moto. Jamani, tulipanga foleni kulitazama! Sikukuu ilipokwisha akafunga, akamwachia mama ufunguo wa kufanyia usafi. "Usioge humo, mama. Ukinitunzia vizuri, Krismasi ijayo unahamia."

Ndelilio alikuwa na kifua kibovu. Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu inapenya mbao, na daktari alishamwambia alale penye joto. Ahadi ile ndiyo iliyompa nguvu. Kila Jumamosi alideki nyumba ya mwanawe, kisha akaenda kuoga kwa ndoo nyuma ya zizi.

Sasa vigae vyenyewe vilibandikwa harakaharaka ili viwahi sikukuu. Kufika Pasaka, simenti nyeupe ya katikati ikaanza kupukutika. Akifuta, inabaki kwenye kitambaa. Mwezi wa nane kigae kikamdondokea mkononi.

"Mae," aliniita, kama tuitanavyo wanawake wa kwetu, "nikimwambia atasema nimeoga." Kigae amekificha nyuma yake kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwambia apige simu. Akakataa katakata.

Akafanya alichokijua tangu usichana. Alichanganya samadi mbichi na majivu yaliyochekechwa, akabandika vigae vilivyolegea, akajaza kila mwanya kwa kidole, akapaka chokaa juu. Ndivyo tulivyokuwa tukisiriba majiko yetu, na hayakupasuka. Kwa kuwa hakuna aliyeoga humo, samadi ilishika kwelikweli. Alivyofurahi, masikini!

Krismasi ikafika. Jackson akaja na mkewe Loveness, na bosi wake. Bosi akaingia kuoga. Tukasikia vigae vinaporomoka, mara mzee wa watu huyo katoka na taulo, miguu imejaa uji wa kijani, sebule nzima inanuka zizi.

Jackson akamwita mama yake mbele ya wageni. "Mama, umepaka mavi kwenye nyumba yangu?"

Loveness alicheka mpaka akashika mbavu. Jackson akampa mama yake kisu, akampigisha magoti bafuni akwangue. Nilipoinama nimsaidie, akanizuia. "Mwache, mama Eliaichi. Aliyeyaweka ayatoe." Nje nyama inachomwa, ndani mama anakohoa. Kijana niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe! Nilitamani kumzaba kibao, na mpaka leo mkono unaniwasha.

Baada ya sikukuu fundi kutoka Majengo akabandika upya. Siku wanaondoka, Ndelilio akamfuata mwanawe mpaka kwenye gari.

"Baba, nihamie sasa? Bafu sitaligusa. Nipe hata stoo."

"Simenti haijakauka, mama," akasema, akatia ufunguo mfukoni. "Mwakani."

Mwezi wa saba kifua kikambana. Nilimfunika blanketi zangu zote na bado alitetemeka. Mbele ya mlango wake nyumba ile imesimama, vitanda vimetandikwa, hakuna mtu. Hasira zikanipanda, nikachukua shoka nikavunje mlango nikamlaze ndani.

Akanishika gauni.

"Usivunje, mae," akasema. "Atasema ni mimi."

Akafa siku hiyohiyo, mkono wake ungali kwenye gauni langu.