Macho Niliyomchorea Nyanya

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu alinitumia picha kwenye simu, pamoja na ujumbe mfupi. Alisema amesikia kwamba siku hizi natengeneza picha za zamani, basi nimsafishie hii ya mama yake, imeliwa na unyevu pembeni. Kisha akaongeza mstari mmoja: "Lakini macho usiyaguse."

Nilikuwa nimekaa kwenye kichumba changu hapa Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, kompyuta mbele yangu, chapati mkononi. Nikaiweka chapati chini. Nikainuka nikafunga mlango, ingawa hakukuwa na mtu nje. Maana macho yale, rafiki yangu, niliyachora mimi nikiwa msichana wa miaka tisa, na tangu siku ile sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Huenda hukukulia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, au ulikulia huko lakini kitongoji kingine, kwa mpiga picha mwingine.

Wetu alikuwa Mganda wa Mbarara. Alikuja kila Jumamosi kwa pikipiki, kamera ikining'inia kifuani ndani ya kofia ya sufu ya mtoto mchanga, ili isiingie vumbi. Yeye mwenyewe alifika mwekundu kuanzia nyusi hadi viatu, lakini kamera ilikuwa safi kama imetoka kliniki. Filamu yake ilibeba picha thelathini na sita, na hakuipeleka mjini kusafishwa mpaka zote ziishe. Kwa hiyo ukiwa picha ya kwanza, ulikuwa unawasubiri watu thelathini na tano wapate harusi, ubatizo, au angalau shati jipya. Kulikuwa na mtoto kwenye mtaa wetu aliyepigwa picha akiwa amebebwa, na picha ikarudi yeye mwenyewe akienda kuipokea kwa miguu.

Nilikuwa naishi na nyanya. Tulipokimbia kutoka Kivu Kusini, kule Kongo, picha zetu zote zilibaki ukutani, na mjomba alipotea upande wake, akazunguka, mwisho akapelekwa nchi ya baridi. Hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Basi jirani yetu wa ng'ambo ya njia naye akapata safari ya nchi ileile. Angeondoka Jumatatu moja asubuhi kwa basi la Base Camp, makao makuu ya kambi, na alikubali kubeba bahasha. Nyanya alisikia habari hiyo akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama juu hewani, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu sauti ya mchi wa nyanya ilikuwa haisimami hata mvua ikinyesha.

Jumamosi iliyofuata alioga tangu alfajiri. Akaacha kitambaa cha kichwa makusudi, mwanawe aone mvi zilivyokuwa nyingi. Tukatundika ukutani blanketi la jirani lenye picha ya simba, nyanya akaketi mbele yake, na mpiga picha akapiga goti.

"Mama, angalia hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha mjini. "Mimi nahesabu. Moja, mbili..."

Kwenye tatu nyanya alifumba macho. Nilimwona. Mpiga picha hakumwona, alikuwa ameshaanza kuivalisha kamera kofia yake. Nami sikusema kitu. Ndivyo nilivyokuwa na ndivyo nilivyo hadi leo: naona kosa kabla ya watu wote, halafu naogopa kulitaja, halafu linanila.

Ilikuwa picha ya kumi na tisa. Zilibaki kumi na saba, na wiki tatu kabla ya basi. Nikawa wakala wa mpiga picha bila kuajiriwa. Nilizunguka kwa watu waliokuwa wakichambua maharagwe, nikawaambia wamependeza sana siku hizo. Mama mmoja alikubali kupigwa na mbuzi wake, halafu akapigwa tena kwa sababu mara ya kwanza mbuzi aligeuka. Kwaya ilipigwa mara mbili, kwani sauti ya tatu ilisema imefichwa na sauti ya kwanza. Kinyozi nilimshawishi nusu saa nzima mpaka akakubali, kwa sharti kwamba apigwe akiwa ameshika mkasi juu ya kichwa cha mteja, na mteja akagoma. Zilipobaki mbili tu nilimsihi mpiga picha mpaka akazimaliza kwa kuipiga pikipiki yake, mbele na nyuma.

Picha zikarudi Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla ya safari. Nyanya alikuwa kwenye kiti, simba nyuma yake, mvi zinang'aa, macho yamefumbwa. Jirani aliitazama akasema nyanya amechoka kusubiri, amelala palepale. Watu wakacheka. Mpiga picha akaeleza kwamba si neno, kwenye studio ya mjini kuna mzee mwenye brashi ndogo anayefungua macho ya watu, ila picha itarudi wiki ijayo. Kazi ya mzee huyo tuliijua. Kila aliyefunguliwa macho Mbarara alirudi na macho yaleyale, ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni ya mahindi na hakutegemea. Lakini hata hayo hatukuyapata, kwa sababu wiki ijayo jirani angekuwa ameshafika kwenye barafu.

Nyanya hakulalamika. Alidai tu kipande cha filamu, kile ambacho cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. "Unipe na mbegu yake," alimwambia mpiga picha. Alikuwa mkulima, hakukubali kununua kitu kinachozaa halafu mbegu ibaki kwa muuzaji. Akakiinua kwenye jua akacheka, kwa maana mle ndani alikuwa na uso mweupe na nywele nyeusi. Kisha akakificha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chakula, mahali patakatifu kuliko pote nyumbani kwetu.

Jumapili baada ya ibada alienda shambani kuchuma mboga, nami nikabaki na picha. Nilijiambia, kama mzee wa Mbarara anaweza, kuna siri gani? Nilikuwa na kalamu nyeusi ya shule. Nilikuwa pia na ile dawa nyeupe ya kufutia makosa, mali ya karani wa kanisa, ambayo ilikuwa imeingia mfukoni mwangu wakati wa matangazo. Kwa njiti ya kiberiti niliweka tone jeupe juu ya kila kope, nikapuliza mpaka likauka, nikatia mboni nyeusi katikati.

Laiti ningeishia hapo. Lakini jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo. Nikaliongeza. Sasa la kulia likawa dogo. Nikaliongeza nalo. Nikarudi kwenye la kushoto. Nilitaka yalingane tu, sikutaka kitu kingine duniani, na kila nilipoyalinganisha yalikua. Nilipoishiwa na dawa, nyanya alikuwa na macho ya bundi aliyemulikwa na tochi, na simba aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeonekana mpole.

Alinikuta nimekaa chini, nimeikumbatia picha huku nalia. Akaweka kikapu, akaichukua, akaisogeza mbali na uso kama alivyosoma Biblia.

"Njo mimi huyu?" akauliza.

Nikamwambia nilitaka mjomba aone macho yake, kwa kuwa alisinzia. Akatikisa kichwa.

"Sikusinzia, mama. Yule muntu alikuwa anahesabu, nikaona niko na nafasi kidogo. Nikamuombea mwanangu."

Usiniulize nilivyojisikia. Kumbe picha haikuwa na kosa lolote mpaka nilipolirekebisha.

Nilitegemea fimbo, na ningeipokea kwa shukrani. Badala yake alifuta meza kwa kanga, akaitia picha kwenye bahasha, akaifunga kwa ugali kidogo maana gundi hatukuwa nayo. "Tunamutumia tu," akasema. "Ataona kama niko muzima." Jioni tulikula sombe aliyochuma na samaki wa ziwani, na kila nilipoinua macho nilikuta yake yananitazama, ya kawaida, madogo, mazuri, yasiyohitaji msaada wa mtu.

Miezi ikapita. Siku moja mjomba alipiga kwenye simu ya mwenye duka, naye mwenye duka aliiweka sauti ya wote, kama ilivyokuwa desturi, ili mtaa mzima ufaidi. Mjomba alisalimia, akashukuru kwa picha, akakohoa. Kisha akauliza kwa adabu kabisa nani alimshtua mama.

Mimi nilikuwa nimesimama kati ya magunia ya chumvi, natamani kuwa gunia. Nyanya hakunitazama hata kidogo.

"Ni ile mwangaza ya kamera," akajibu. "Ilikuwa mukali sana."

Mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya hata kuhusu umri wake. Usiku katika sala alitubu uongo huo akiutaja wazi, palepale mbele yangu, akaniagiza niitikie amina kwa nguvu zaidi kwa sababu nusu ya dhambi ilikuwa yangu.

Nyanya alifariki miaka sita iliyopita. Mfuko wa nailoni niliurithi mimi, na ndani yake mbegu. Kazi hii ya kusafisha picha sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwenye simu, video baada ya video, na nadhani sasa unajua nilikuwa namkimbia nani: yule msichana mwenye njiti ya kiberiti. Basi nilipopata ujumbe wa mjomba, kwanza nilisafisha ile picha yake, unyevu wote, mpaka nyuzi za manyoya ya simba. Macho sikuyagusa. Ilikuwa adhabu, kwa sababu jicho la kushoto bado limezidi, kidogo tu, na nililiona kila siku kwa siku nne. Kisha nikatoa kipande cha filamu, nikakipiga picha juu ya mwanga mweupe, nikageuza rangi. Nyanya akatokea, amefumba macho, midomo imeachana kidogo kama mtu aliye katikati ya sentensi. Nikafuta vumbi, chembe baada ya chembe. Niligundua baadaye kwamba chembe moja ilikuwa baka lake la shavuni, nikalirudisha kwa kuomba radhi.

Maungamo yangu kwa mjomba niliyaandika mara kumi na moja. Nikayatuma pamoja na picha zote mbili. Asubuhi ya pili ukaja ujumbe wake wa sauti.

"Wewe mutoto, unazania sikujua? Kiisha ile simu nilikwangua jicho moja na kucha. Rangi ikatoka kidogo, nikaona kope chini. Nikaacha. Nani mwingine mule nyumba angechora macho kubwa vile?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama alinidanganya mara moja tu, na ilikuwa juu yako. Mule ndani muko bantu babiri, ye na weye. Njo maana nilikuambia usiyaguse." Halafu nikasikia mlango, watoto, lugha nisiyoijua. "Hii ingine sikujuaga kama iko. Nilikuwa naombewa, kumbe."

Mpiga picha wetu siku hizi anabeba abiria kwa pikipiki ileile. Picha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, bado ziko nyumbani kwake. Studio ya yule mzee mwenye brashi ni duka la vipodozi. Watu wanapiga picha arobaini za sahani moja ya wali na kuzifuta kabla haujapoa, na hakuna anayemsubiri jirani yake apate sababu ya kutabasamu. Silalamiki sana, kazi hiyo ndiyo inanilisha. Ila mara nyingine, malori ya Masaka yanapopita na dirisha langu kutetemeka, natoa kile kipande nakiinua kwenye jua kama alivyokiinua yeye. Yuko mle, mdogo kuliko ukucha wangu, macho yamefumbwa, na nywele zake ni nyeusi zote.