Kidonge cha Kumeza Kizima

Shule niliishia darasa la pili, lakini katika kuosha vyombo vya maabara pale Mbeya hakuna aliyenizidi. Glasi zangu ziling'aa. Ilikuwa miaka ile ya sabini, na bwana mmoja mtaalamu wa dawa alikuwa anapima vidonge vya pumu vya aina mpya, vile vinavyotoa dawa polepole tumboni, kutwa nzima. Alikuwa anatoboa kidonge, anatia katikati punje ya chuma yenye sumaku, anaziba kwa nta, kisha anakining'iniza kwa nyuzi ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu. Kando ya glasi aliweka sindano nyembamba, nayo inaning'inia. Punje ikiwa bado ndani ya kidonge, sindano inaielekea. Kidonge kikilika hadi katikati, punje inadondoka chini na sindano inageuka kuifuata.

Hakutaka chuma kingine karibu. Mimi kanga nilifunga fundo, pini naacha nyumbani.

Mume wangu alikuwa akipasua mbao Mafinga. Vumbi la misonobari likamla mapafu, akarudi kwangu Mwanjelwa, humohumo Mbeya, kifua kinalia kama mlango mbovu. Hospitali wakampa vidonge hivyohivyo, wakasema ameze kizima, asitafune. Mama yake akaja kutoka Iringa kumwuguza, maana mchana mimi niko kazini.

Siku moja nilifuatwa kazini mikono ikiwa bado na sabuni. Nilimkuta mume wangu amejitapikia, moyo unampiga hadi shati linatikisika. Kisha akaanza kukakamaa. Alikufa kabla hatujampakia kwenye gari. Jioni, nikiosha vyombo kwa ajili ya wafiwa, nikakuta unga mweupe kwenye jiwe la kusagia. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Mchungu wa dawa. Nikanyamaza. Mama anamlilia mwanawe, ningeanzia wapi?

Matanga yalipokwisha, kaka wa marehemu akasimama mbele ya watu.

"Mke wetu huyu anashinda kwenye masumu. Kamletea nini ndugu yetu? Mtoto tunaondoka naye."

Binti yangu alikuwa mgongoni kwangu. Nikakaza mbeleko.

"Shemeji, mtoto huyu hutoki naye hapa. Twende huko kwenye masumu ukayaone."

Tukaenda, yeye, mama mkwe, mimi na mtoto. Yule bwana alitusikiliza, akatutaka tuvue vyuma. Bangili ya mama mkwe, aliyovishwa akiwa mwali, haikuvuka kiganja, basi akakaa mbali, ukutani. Bwana akachukua kidonge kutoka kwenye kopo la marehemu tulilokuja nalo, akakitia punje, akakitumbukiza. Tukasubiri. Lori la mbao likipita barabarani, sindano inatikisika, halafu inarudi palepale. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akalia. Jua lilikuwa linaondoka dirishani ndipo sindano ikageuka.

"Umeona?" bwana akamwambia shemeji. "Kinakwenda taratibu."

"Nimeona. Basi si kidonge kilichomuua. Ni huyu."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, waambie ulivyomwandalia."

Hakuwa mjinga, alijua namwuliza nini.

"Nilimsagia," akasema. "Koo lilikuwa limembana. Nikasaga vya kutwa nzima, nikamkorogea kwenye uji, asihangaike mara mbili. Wanangu wote nimewalea hivyo. Hata wewe unayepiga kelele hapo, dawa zako zote nilizisaga."

Bwana akaitoa ile punje ya kwanza kwenye glasi, akatia nyingine kwenye kidonge kingine, akampelekea kule ukutani pamoja na kinu kidogo. "Fanya kama ulivyofanya, mama." Mama mkwe akakandamiza mara moja tu, kikapasuka. Mikono yake ilikuwa imezoea. Kwa sababu ya ile bangili hakuweza kusogea, kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba ule unga na punje yake, nikamimina kwenye glasi. Maji yakawa meupe. Sindano ikageuka papo hapo.

Mama mkwe aliiona kutoka kule alikokaa.

"Hairudi?" akauliza.

"Hairudi, mama," nikamjibu.

Shemeji hakumtaja mtoto tena. Alimshika mama yake mkono wakatoka, na mimi sikuwasindikiza.

Kuna watu wa ukoo waliosema nilimvua nguo mama wa watu akiwa bado kwenye msiba. Sawa. Binti yangu nilimlea mwenyewe, na leo nahesabu wajukuu. Mama mkwe alirudi Iringa na hakumwandalia mgonjwa chakula tena. Nilipompelekea mjukuu wake amwone, alimpakata, ila uji aliniambia nipike mimi.

Jiwe aliliacha kwangu. Nililisugua kwa mchanga, nikasagia karanga, binti yangu akala.