Ukumbi si Mgonjwa

Watu wa hapa watakuambia Durban hakuna baridi. Waache waseme. Kisha nenda kwenye ukumbi wa michezo wa parokia moja kule Umbilo, saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, uvue koti. Utatoka na habari nyingine mdomoni.

Ukumbi ule ulijengwa na watu waliowaza joto tu. Bati juu, dari hamna. Ukiinua macho unaziona mbao na misumari. Madirisha ni ya vipande vya vioo, na nusu ya vipande havifungi. Sakafu ni saruji tupu. Ndani mna meza mbili za tenisi, viti vya plastiki, na jiko dogo pembeni lenye birika la umeme. Kiangazi vijana hucheza humo mpaka jasho liwachuruzike. Lakini theluji ikianguka milimani huko bara, upepo wake hushuka mpaka mjini, na ukumbini huingia bila hodi.

Humo ndimo Ernestina alimotakiwa apone.

Ernestina alikuwa mke wa Yeremia, na Yeremia ndiye ninayetaka kumsimulia. Mwaka ule wa 2012 alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwao Uvira, Kongo, alikuwa mchoma matofali, tena si wa kubahatisha. Tanuru lake lilimeza matofali elfu kumi kwa mkupuo, na yakitoka, ukigonga moja kwa jingine, yalilia kama kengele. Durban alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka, kizibao cha njano mgongoni, akiishi kwa sarafu za wenye huruma. Hakulalamika. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mdomo wake ulitangulia masikio. Ukianza kusema jambo, yeye keshalimaliza, na mara nyingi kalimaliza vibaya.

Mwezi wa pili Ernestina alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono ukajikunja ngumi, na maneno yakawa yanamjia moja moja, kwa taabu. Huyu ni mwanamke ambaye zamani akisimama ngazini alizungumza na ghorofa tatu kwa wakati mmoja. Sasa watu walipomjulia hali, Yeremia alijibu. Daktari alipouliza maumivu yako wapi, Yeremia alionyesha. Tusimwonee, alifanya kwa mapenzi. Kumtazama mkewe akihangaikia neno dogo kama "maji" kulimchoma moyo, basi alimpokea mzigo kabla hajaubeba.

Kila Jumatano saa tatu, Mireille alikuja ukumbini. Alikuwa binti wa Lubumbashi aliyesomea kazi ya kunyoosha viungo, kazi ambayo sisi Wakongo tunaiita kiné, na daktari mmoja wa kujitolea alimsimamia. Wagonjwa walikuwa wanne, kila mmoja dakika zake kumi na tano, basi. Mwezi wa tano vidole vya Ernestina vilikuwa vimeanza kulegea. Mwezi wa sita baridi ilipoingia vilijifunga tena, na mwezi wa saba ngumi ikawa jiwe.

"Papa Yeremia," Mireille alimwambia, "mwili ukishikwa na baridi hausikii. Hizo dakika zote ninazimaliza kupasha vidole moto. Na kuna watu kumi na mmoja wanangoja nafasi. Mwisho wa mwezi daktari anataka liste ya watakaoendelea. Mkono usioonyesha nafuu, tunampa mwingine nafasi. Si mimi ninayepanga."

"Unataka joto?" Yeremia alisema. "Joto niachie mimi."

Ernestina alifungua kinywa. "Baba Israël," alianza, kwani mtoto wao wa kwanza aliitwa Israël. "Usi..."

"Usijali, mama, nimeelewa," akamkata.

Shida ilikuwa muda. Funguo alikuwa nazo Salvator, Mrundi mtunza ukumbi, mtu mwema ila mtumwa wa kanuni: ofisi ya parokia hufunguliwa saa mbili, kwa hiyo ukumbi hufunguliwa saa mbili. Mireille anafika saa tatu. Una saa moja ya kupasha moto jengo ambalo lingeweza kulaza malori manne. Mtu mwingine angeshika kichwa. Yeremia alifurahi. Tangu avuke mipaka, hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba kazi anayoijua.

Akafanya kama alivyofundishwa na baba yake. Tanuru, kabla ya kuliwasha, unalizungushia udongo mpaka pasibaki tundu la kupitisha kidole. Moshi ukionekana unatoka, ujue na joto linatoka. Jumatano iliyofuata, saa mbili kamili, alipanda ngazi akaziba. Madirisha aliyabandika magazeti na karatasi za gundi. Upenyo kati ya ukuta na bati aliushindilia mablanketi makuukuu. Chini ya mlango akaweka gunia. Halafu akawasha hita tatu za gesi alizoazima kwa majirani, akasimama katikati, mikono kiunoni. Salvator alimwuliza kama hewa itatosha. Yeremia akamwambia yeye amechoma matofali miaka ishirini na mitatu, asimfundishe moto.

Lo, fundi! Tofali halipumui, ndugu yangu, binadamu anapumua.

Joto lenyewe kwanza lilipanda juu lote. Ukisimama, paji la uso linatoka jasho. Ukikaa, miguu imekufa ganzi. Wagonjwa wote walikuwa wamekaa. Saa tatu na nusu mzee Gosbert, Mtanzania aliyekuwa akitibiwa goti, alisema kichwa kinamgonga. Mara akasema anaona giza. Mara akatapika kwenye viatu vyake mwenyewe. Mireille aliacha kila kitu, akafungua mlango kwa teke, akaanza kung'oa magazeti dirishani, akiwaburuta watu nje mmoja mmoja na viti vyao. Waliketi uani kwenye upepo, midomo imewapauka, wakivuta hewa. Ernestina alikuwa wa nne kwenye foleni, na zamu yake haikufika.

"Ungetuua, Papa," Mireille alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Yeremia zaidi ya kelele. "Gesi humu isiingie tena. Jumatano ijayo ndiyo ya mwisho kabla ya liste. Nitampima mama alivyo."

Gosbert, Mungu ni mwema, alipata nafuu baada ya chai. Alimpiga Yeremia begani akasema kwao Bukoba nyuki ndio hufukuzwa kwa namna ile. Watu wakacheka kidogo. Yeremia hakucheka.

Walirudi nyumbani polepole, yeye akimshika mkewe mkono mzima. Karibu na robot, yaani taa za magari, ya Umbilo Road kuna ukuta mfupi, na hapo Ernestina hupumzika. Waliketi. Taa ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu, teksi zikipiga honi. Siku nyingine Yeremia angekuwa anaongea: angepanga, angelaumu, angeleta dawa ya hili na lile. Siku hiyo hakuwa na kitu. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu, kwa sababu mkono ule ukibaki ngumi, Ernestina hatafunga kitenge chake mwenyewe mpaka kufa. Akanyamaza. Haikuwa hekima, maneno yalimwishia tu.

Katika ukimya ule Ernestina alianza.

"Ukumbi," alisema. Akapumzika. Gari la mkate likapita. "Ukumbi... si... mgonjwa."

Yeremia aligeuka kumtazama.

"Mgonjwa," Ernestina alisema, na jasho la juhudi likamtoka juu ya mdomo, "ni... mimi."

Akangoja kidogo, akameza mate, akatoa lililobaki. "Nikande."

Hapo mzee wa watu aliona haya upya. Kwa sababu Ernestina alikuwa mkandaji. Uvira nzima ya wakati ule ilimjua: mwanamke akijifungua, huitwa Ernestina aje na sufuria la maji ya moto na kitambaa, amkande mzazi mgongo, tumbo na miguu, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Hata Durban, akina mama wa Kikongo na wa Kirundi walituma watu waje kumchukua wakijifungua, na alikwenda mpaka mtaa wa Glenwood kwa miguu. Hakuwahi kupasha moto chumba cha mtu. Vyumba vyenyewe vilikuwa na ufa kila kona. Alimpasha moto mtu. Na ujuzi huo wote ulikuwa umekaa ndani ya nyumba ya Yeremia miezi mitano, ukijaribu kuongea, naye akiukatiza.

"Tangu lini ulitaka kuniambia?" aliuliza.

Safari hii alingoja. Taa ilibadilika mara mbili.

"Tangu... Pasaka," alisema mkewe.

Jioni ile somo lilianza, na mwalimu hakuwa na huruma. Maji yachemke, kisha yapoe kiasi. Yeremia ayapime kwa kiwiko chake mwenyewe, maana mkono uliopooza hausikii moto na ngozi itaungua bila habari. Kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe. Aanzie begani, ashuke, asianzie kwenye vidole hata mara moja. Kidole ukikivuta kinakasirika. Kila agizo lilichukua dakika mbili tatu kutoka kinywani, na Yeremia alikaa na kitambaa mkononi kinapoa, akikirudisha kwenye maji, akingoja. Usiniulize ilivyomgharimu. Mtu aliyezoea kuchoma elfu kumi kwa mkupuo, leo anapewa kiganja kimoja.

Siku ya tatu kidole gumba kilisogea. Siku ya tano alikosea, akamaliza sentensi ya mkewe kwa niaba yake, naye Ernestina akafumba macho, akakataa kusema kitu mpaka kesho yake. Somo hilo nalo aliliweka kichwani.

Jumatano ilipofika, baridi ilikuwa kali kupita ile ya wiki iliyopita. Salvator alifungua mlango saa mbili, akamtazama Yeremia mikononi kama kuna mtungi wa gesi. Hakukuwa. Kulikuwa na ndoo, vitambaa, makatoni na blanketi moja zito.

"Leo hupashi ukumbi?" aliuliza.

"Ukumbi ubaki na baridi yake," Yeremia alisema. "Nisaidie hizi meza."

Walizikunja meza za tenisi, wakazisimamisha kwa ubavu kwenye kona iliyo mbali na mlango, zikawa kuta mbili fupi za kukinga upepo. Sakafuni wakatandaza makatoni. Viti vinne vikapangwa humo, magoti yakikaribia kugusana, na Salvator akaanza kujaza birika. Wagonjwa walipofika waliingia kwenye kile kibanda wakiguna, wakafunikwa miguu kwa blanketi moja, kila mmoja akampasha mwenzake. Gosbert aliuliza kama leo wanakaushwa au wanachemshwa. Kila mtu alipewa kitambaa cha moto. Ernestina alipewa chake na Yeremia mwenyewe, aliyepiga magoti kwenye makatoni akaanza begani, taratibu, kwa muda wote uliobaki kabla ya saa tatu. Mvuke ulipanda kidogo juu yao ukapotea batini.

Safari hii Mireille alimwita Ernestina wa kwanza. Akaushika mkono, akauachia. Akaushika tena kama asiyeamini. Kisha akausukuma kwa dole gumba katikati ya kiganja, na ngumi ile ikafunguka. Haikufunguka yote, kidole cha mwisho kilibaki kimekunjika nusu. Akamwambia ashike kikombe cha plastiki. Ernestina akakishika, kikatetemeka, hakikuanguka.

Mireille alichukua karatasi yake. Akamgeukia Yeremia, kama watu wote walivyozoea kufanya tangu mwezi wa pili.

"Papa, nimwache kwenye liste? Daktari atauliza kama familia inataka kuendelea."

Jibu lilikuwa limejaa kinywani mwa Yeremia. Ndiyo, ndiyo mara mia, na asante, na Mungu akubariki, yote yalikuwa yamepanga mstari nyuma ya meno. Akayameza.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Mireille akainama mbele ya Ernestina, akauliza upya. Wakangoja. Gosbert alikohoa, Salvator akazima birika. Ilikuwa kazi ndefu, mtu angeweza kufunga viatu na kuvifungua, na hapana hata mmoja aliyemsaidia. Macho ya Ernestina yalitoka kwa Mireille, yakaenda kwa mumewe, yakatulia hapo.

"Niache," alisema. "Bado... nina... mengi... ya kumwambia."

Mireille aliandika jina. Yeremia akavuta kiti karibu na mkewe, akakaa.