Ufagio Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mtongwe ufagio ulikuwa marufuku kusimama. Ulale chini, basi. Na fagio zenyewe zilikuwa nyingi, maana ndiyo kazi iliyotulisha: bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alinunua makuti mabichi, akayachambua kwa kisu, akazianika chelewa, zile njiti zake za katikati, uani, kisha akazifunga kwa kamba ya mpira zikauzwe Likoni na Kongowea. Zilijaa barazani, zilijaa chini ya kitanda, na zote zimelazwa. Nikisahau nikauegemeza mmoja ukutani, nilikuwa nasikia sauti kutoka jikoni, "We Siti! Wataka nyumba ibaki gofu?"

Sababu yake alinieleza mapema. Ukimchoka mgeni na haya zikakuzuia kumwambia aende, wausimamisha ufagio nyuma ya mlango wa chumba anacholala, ncha juu na kitako chini, wanyunyiza na chumvi kidogo pale chini. Hazipiti siku nyingi, mgeni ataanza mwenyewe kutafuta viatu vyake. Bibi aliliamini jambo hilo kabisa, nami nililiamini kwa kuwa yeye aliliamini. Nyumba ya mfunga fagio, alikuwa akisema, yataka uangalifu zaidi ya nyumba nyengine.

Mama yangu alikuwa akikaa Nairobi. Alinizaa akiwa msichana mdogo, baba yangu akatokomea zake, na Mama alipoolewa na mtu mwengine mimi nikabaki kwa Bibi. Kwenye simu aliniambia, "Mwakani nitakuja kukuchukua, mwanangu." Mwakani ikifika, inakuwa mwakani tena. Bibi akiyasikia maneno hayo huwa daima ana jambo la kufanya uani.

Nikiwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, wakaja wote. Mama, mumewe, Nadia wa miaka mitano na Twaha aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha nepi. Wamekuja kutembea, kula samaki na kuogelea, kama watu wa bara wanavyokuja. Mimi na Bibi tulikwenda kuwapokea kwenye feri. Nilimwona Mama kabla hajaniona. Mkono mmoja kamshika Nadia, mkono mwengine kampakata Twaha, na mimi nilikuwa nimekuja mbio nikidhani nitashikwa. Mikono yote miwili ilikuwa na watu. Nikabeba begi.

Wivu ulinianzia hapo, na niseme ukweli, haukuwa wivu mdogo. Ulinikaa kooni. Mumewe, mtu mpole asiye na neno, niliambiwa nimwite Baba, nikamwita Ami. Mama alifungua begi akanitolea gauni la rangi ya waridi, zuri, mashallah. Likakwama mabegani. Lilikuwa la mtoto wa miaka sita. Mama akacheka, "Kumbe umekuwa hivi!" La Nadia lilimkaa sawasawa hata mikono yake ilifika pale inapotakiwa. Langu likakunjwa likarudishwa begini, kwamba litamfaa Nadia baadaye.

Lo, nilimchukia mtoto yule! Alikuwa hajanifanyia lolote. Kila alipokwenda alinifuata, "Dada Siti, hii nini? Dada Siti, yule paka ni wenu?" Lakini usiku alilala kwenye mkono wa Mama, na akilia anasikika anaambiwa, "Nipo, mama, nipo." Mimi nililala na Bibi chumba cha pili, nasikiliza "nipo" za watu.

Siku ile ya kwanza, tukila wali wa nazi na papa, Mama alisema mbele ya wote, "Mama, safari hii nataka niende na Siti. Tumeshazungumza, mimi na mwenzangu."

Nilitafuna tonge lile likawa haliishi. Bibi hakuinua uso. "Ni mwanao," alisema, akamwongeza Twaha mchuzi.

Ila kulikuwa na jambo. Ili nihamishwe skuli, ilibidi Mama aonane na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa kwao Kilifi mpaka wiki ya pili. Wakikaa hadi arudi, naenda. Wakiondoka kabla, nimebaki, na ile "mwakani" inaanza upya. Basi nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Nilimbeba Twaha, nilimchotea Nadia maji ya kuoga, nilifua hata zisizochafuka. Moyoni nilikuwa nahesabu: mikono ya Mama ni miwili na sisi tutakuwa watatu, kwa hiyo kuna mtu atabidi atembee mwenyewe, na mimi sikukusudia kuwa huyo mtu.

Asubuhi moja nimeingia kufagia chumba cha wageni, nikavuta mlango. Nyuma yake ufagio umesimama. Ncha juu, kitako chini, na chini yake chumvi.

Niliulaza upesi, chumvi nikaifuta kwa kanga. Na mara hiyohiyo nikajua aliyefanya ni nani: Bi Rukia, jirani yetu. Nani mwengine? Bi Rukia ambaye hakuna siku asiyokuja kuazima kitu, na wiki ile alikuwa amekuja kuazima chumvi! Bi Rukia ambaye aliwatazama akina Nadia akasema, "Watoto wazuri hawa," bila mashallah wala nini. Mtongwe nzima wakilijua jicho lake.

Nikamwendea Bibi uani. "Bibi, Bi Rukia atusimamishia ufagio. Ataka wageni waende."

Bibi alikuwa anafunga chelewa, kamba kaishika kwa meno. Akaitoa. "Usimsingizie mtu. Umeulaza?"

"Nimeulaza."

"Haya."

Hivyo tu. Mtu aliyenifokea miaka yote kwa ufagio ulioegemea ukuta, leo ufagio umesimama na chumvi chini yake, anasema haya. Nilistaajabu kidogo, kisha nikasahau, maana nilikuwa na vita na Bi Rukia.

Kesho yake umesimama tena. Nikaulaza. Kesho yake tena. Bi Rukia akija namganda kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, namtazama mikono. "Huyu mtoto ana nini na mimi?" aliuliza. Na bado, wallahi, ufagio ule ulisimama.

Na ulifanya kazi yake. Twaha aliharisha, kutwa kucha. Nadia akakanyaga miiba ya baharini, ikatolewa kwa sindano na limau huku akipiga kelele ya kusikika mpaka kambi ya wanamaji. Ami akapigiwa simu kutoka kazini, likizo inakatwa. Nikamsikia Mama akimwambia mumewe, "Basi turudi Jumamosi. Siti tutamchukua Disemba." Disemba! Nilikwenda chooni nikalia humo, ili nisionekane na mtu.

Siku iliyofuata, alasiri, tulikuwa ufuoni kule chini karibu na gati la zamani. Upepo ukachachamaa, Nadia akasikia baridi. Mama akaniambia, "Kimbia, mwanangu, kamletee mwenzio sweta." Hata hapo niliona wivu, kwamba baridi yake Nadia inakimbiliwa. Nikakimbia.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikaingia chumba cha wageni, na nyuma ya mlango Bibi amechutama. Mkono mmoja ameushika ufagio, anausimamisha taratibu usianguke. Mkono wa pili una chumvi. Alikuwa anasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani kwa mkopo, "Waende salama. Wafike salama. Mtoto waniachie."

Akageuka akaniona. Tukatazamana. Hakuificha chumvi.

"Umefuata nini?"

"Sweta ya Nadia."

"Iko kwenye kamba."

Niliichukua nikarudi ufuoni, lakini sikukimbia. Siku zote zile nilidhani nyumba nzima mwenye wivu ni mimi peke yangu. Kumbe Bibi naye amekaa na wivu wake, tena mkubwa kuliko wangu, amemwonea bintiye wa kumzaa, na ameuficha kwa kutuongeza mchuzi. Na aliyekuwa akigombaniwa ni mimi. Mimi, ambaye gauni halikunitosha! Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kufanya jambo analoliogopa mwenyewe ili tu nisiondoke. Nilimvika Nadia ile sweta, nikamfunga vifungo vyote, na kwa mara ya kwanza sikumbana shingo.

Sikumwambia mtu. Na ufagio, jioni ile, sikuulaza. Sikujua tena niwe upande wa nani.

Halafu bahati ikanijia wakati sijui tena kama naitaka. Mwalimu mkuu alirudi mapema. Ijumaa Mama akatoka skuli anatabasamu hadi masikioni: mambo yamekwisha, kesho twaenda sote, na Siti. Akanikumbatia, mikono miwili, hana mtu mwengine mikononi. Alinukia asumini na jasho. Ndicho nilichokitaka, na nilipokipata nikawa namtazama Bibi begani mwa Mama.

"Ni mwanao," Bibi alisema. "Nani atakuzuia?" Akaenda kuzikunja nguo zangu. Alizikunja moja moja, akizinyoosha kwa kiganja, na aliyekuwa hajui angesema anamfungasha mtoto anayekwenda harusini.

Asubuhi nimeamka kabla ya wageni, nikasubiri Mama awatoe watoto kuwaogesha, nikaingia chumbani mwao. Nikavuta mlango. Ufagio umelala sakafuni, umenyooka kandoni mwa ukuta, na chumvi imepanguswa safi.

Mimi sikuulaza. Aliyeulaza ni Bibi. Alikuwa ameacha kupigana.

Nilisimama pale kidogo. Kisha nikaenda jikoni, nikachota chumvi kwenye kopo, nikarudi. Ufagio wa chelewa si rahisi kuusimamisha, unateleza, unataka kupumzishwa kwenye pembe. Ukaanguka. Nikaurudia. Ncha juu, kitako chini. Nilikuwa nanyunyiza chumvi Mama alipoingia kuchukua taulo.

Yeye ni mtoto wa nyumba ile. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi."

"Wajua maana yake?"

"Najua. Mama, mimi siendi."

Aliketi kitandani. Chumba kile ndimo alimozaliwa, Bibi alikuwa akinionyesha hata upande aliolazwa. Akaitazama chumvi, kisha akasema polepole, "Kwa hivyo mgeni ni mimi."

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni, kisu cha chelewa mkononi. "Saida, mtoto hana kosa. Aliyeanza kuusimamisha ni mimi."

Mama alitutazama, mimi, kisha Bibi, kisha mimi. Nilitegemea atafoka. Machozi yalimtoka na akawa kama anacheka. "Ulazeni," alisema. "Ulazeni, twaondoka wenyewe."

Tuliwasindikiza mpaka feri. Mkono mmoja kamshika Nadia, mkono mwengine kampakata Twaha. Begi alibeba Ami. Mimi mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa Bibi, wenye sugu za kisu, na ulinibana mpaka vidole vikaniuma.

Watu huniuliza kama nilijuta. Nimejuta mara nyingi. Nadia amesoma kunishinda, na mpaka leo akimpigia Mama simu mbele yangu, wakacheka kwa mambo ya nyumba ambayo mimi sikukaa, kile kitu cha kooni hunirudia vilevile. Mtu mzima mimi, na watoto wangu. Wivu ule haukuisha, nimeuzoea tu. Na nikiwa na Bibi sijuti hata siku moja.

Sasa Bibi anakaa nami Bombolulu, macho yamefifia, mikono haifungi tena fagio. Zangu zote nazilaza. Agosti hii Mama alikuja likizo, peke yake. Siku moja binti yangu mdogo alimaliza kufagia, akausimamisha ufagio nyuma ya mlango wa chumba wanacholala Bibi na Mama, ncha juu, kama alivyoona ni sawa. Niliruka kutoka kitini.

Bibi akacheka, ameketi pale pale kitandani. "Uache usimame. Mimi hapa si mgeni."

Mama alikuwa anachambua mchicha. Aliliweka sinia chini, akainuka, akaenda akaulaza ufagio mwenyewe, akarudi kukaa mahali pake. Hakumtazama yeyote.

Nikaenda nikakaa kandoni mwake, nikauchukua mkono wake, wenye majani ya mchicha, na safari hii ulikuwa hauna mtu. Nikamwambia akae mpaka skuli zifunguliwe.