Kanga ya Mlangoni

Mume wangu ndiye aliyetaka tujenge kando ya barabara. Ilipokatwa ile njia ya malori kwenda Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, nusu ya watu wa Nambambo tulihamia ukingoni mwake, kila mtu akijiona mjanja. Hata mimi. Nilitaka kuona magari.

Nikayaona. Kiangazi kile nilijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na malori yalipita tangu alfajiri hadi magharibi. Vumbi jekundu la moja halijatua, linakuja jingine. Liliingia kwenye uji, kwenye maji ya mtungi, kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto.

Mama mkwe alilowesha kanga akaitundika mlangoni. Kufika adhuhuri ilikuwa imekauka, nyekundu kama tofali. Akaifua, akaitundika tena.

Siku ya ishirini na nne mtoto alianza kukoroma kifuani. Alinyonya kidogo, akaachia ziwa, akatafuta pumzi. Nikamwambia mama mkwe nataka kumpeleka kwa mama yangu, kijijini Nandagala, mbali na malori.

"Tangu lini mzazi akatoka nje kabla ya arobaini, mwanangu?" alisema. "Unataka macho ya watu yammalize?"

"Mama, vumbi ndilo linalommaliza."

"Zimebaki siku kumi na sita tu. Vumilia."

Hakuwa mkatili. Aliifua ile kanga huku akilia. Mume wangu alisimama barabarani akiwapungia madereva mkono wapunguze mwendo, nao wakampungia. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu siku, na kwa kuhesabu kule najichukia mpaka leo. Mlango wenyewe haukuwa hata na komeo.

Mtoto alifariki siku ya thelathini na nne. Wanaume walimswalia uani, kisha mume wangu akambeba mikononi, wakaenda kuvuka barabara kuelekea makaburini. Nilichungulia pembeni mwa kanga. Lori lilikuwa linakuja. Dereva alipoona wanakwenda kuzika, akasimama kule kule mbali, akazima injini, akavua kofia. La pili likafika nyuma yake, nalo likasimama.

Vumbi likatua lote. Nikaiona mikorosho ya ng'ambo, mmoja mmoja. Mama mkwe akaishusha kanga. Nikavuta pumzi, ikaingia yote, bila shida.