Moto wa Buluu Nyuma ya Zizi la Mwanaarabu

Jua halijapanda juu ya mapaa ya Faza, na Bi Mwanaarabu Abdulhadi amekwisha kuzamisha mikono yote miwili ndani ya ndoo ya kinyesi cha ng'ombe. Anakivuruga na maji, anavunja mabonge kwa vidole, anatoa nyasi ndefu. Hazibi pua.

"Kikiwa na mabonge, hauli vizuri," anasema, akionyesha kwa kidevu mfuko mrefu mweusi uliolala shimoni nyuma ya zizi, umetuna kama mnyama aliyeshiba. "Huu nao una tumbo lake."

Anaumiminia uji ule, ananawa, anaingia jikoni. Anafungua koki ya bomba, anawasha kibiriti. Moto wa buluu unachomoza, hauna moshi wala harufu. Huu ni karibu mwaka wa pili anauwasha, na bado anausimamia kidogo, akiutazama, kabla ya kuteleka sufuria ya maziwa.

"Sijauzoea," anasema. "Wallahi sijauzoea."

Mwanaarabu alizaliwa Amu, akaolewa kisiwa cha jirani, hapa Faza, na tangu hapo riziki yake imekuwa maziwa na samli. Ukame mkubwa uliopita ulimmalizia ng'ombe wake. Walibaki wawili.

"Nti ilikuwa imekauka hadi ukiikanyaga yalia," anakumbuka. "Asubuhi naliogopa kutazama zizini. Wengine walikufa na ndama tumboni."

Mvua ziliporudi, alikuja Wamuyu, afisa wa mifugo aliyehamishiwa visiwani kutoka bara. Alimweleza kwamba tumboni mwa ng'ombe majani huchachuka na kutoa gesi iitwayo methani, ambayo mnyama huitoa zaidi kwa kucheua na kubeua. Lundo la kinyesi kibichi nalo huitoa. Ikifika juu, gesi hiyo huzuia joto lisitoke, na dunia inazidi kuungua.

Mwanaarabu alicheka. "Nikamwambia, mwanangu, hawa wangu wawili, mbavu nje, ndio watakaotia moto dunia?"

"Nilimjibu kwamba hawa wawili peke yao si kitu," anasema Wamuyu. "Lakini duniani kuna ng'ombe zaidi ya bilioni moja, na wote wanabeua. Kisha nikampa kamera aangalie mwenyewe."

Ilikuwa kamera ya kuonea gesi, aliyoazimwa na watafiti. Kwenye kioo chake, ng'ombe aliyekuwa akicheua kwa utulivu alitoa wingu. Likapanda mbele ya pua yake, likajikunja, likapotea juu ya paa la makuti. Lundo la kinyesi nalo lilikuwa likifuka bila moto. Mwanaarabu aliishusha kamera, akatazama kwa macho yake: hakuna kitu. Akaiinua tena: wingu.

"Nikasema, Subhanallah! Umri wangu wote nimekaa na wanyama hawa, nawajua hata kwa nyayo zao. Kumbe jambo kubwa kama hili lanipita usoni na silioni. Nikakaa tini."

Gesi ya mdomoni Wamuyu hakuwa na namna ya kuikamata. Ya kinyesi ilikamatika, na ikichomwa jikoni madhara yake hupungua sana. Mwanaarabu akauza bangili yake ya harusi, na mfuko wa kuvundikia kinyesi na kunasa gesi yake ukaja kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara.

Wiki zikapita. Mfuko haukutuna.

"Watu wakipita waniuliza, Bi Mwanaarabu, mavi yameiva?" anasema, na sasa anaweza kucheka. "Siku zile nalikuwa nikiingia chumbani nikilia."

Kasoro ilikuwa maji. Kisima cha uani kwake kina chumvi kali, na vijidudu vinavyotengeneza gesi vilikuwa vikifa. Maji matamu ni ya mvua, yanakingwa kwenye jabia, birika la mawe, na hakuna kisiwani atakayekubali yamwagwe kwenye mavi.

Saadiya, jirani anayepakana naye ukuta, ndiye aliyepata njia. "Kila nyumba yaosha mchele na kuyamwaga maji," anasema. "Nikamwambia, yangu nitakuletea." Akaleta beseni lake. Nyumba nyingine zikafuata.

Mfuko ukaanza kuinuka.

Alasiri ya moto wa kwanza, wanawake walijaa jikoni. Bomba lilikohoa, kisha buluu ikasimama. Saadiya alishika mdomo.

Ndipo sauti moja ikauliza kutoka nyuma: chakula kilichopikwa kwa najisi kinaliwa?

Wakaondoka mmoja mmoja. Kesho yake hakuna aliyekuja kununua maziwa. Mwanaarabu akajifunga buibui, akaenda kwa Ustadh Ammar, mwalimu wa madrasa, akamweleza yote.

Asubuhi iliyofuata Ustadh alikuja mwenyewe. Alilizunguka shimo, akalifuata bomba hadi jikoni, akainama mpaka ndevu zikakaribia moto, akanusa.

"Mavi yamebaki kule," akasema hatimaye. "Hapa umefika moto mtupu. Na tumboni mle mle mwa ng'ombe ndimo Mola atutoleamo maziwa meupe. Nipikie chai, Bi Mwanaarabu."

Aliinywa akiwa barazani, mbele ya wapita njia, akaomba kikombe cha pili. Kabla ya adhuhuri wanunuzi walikuwa wamerudi.

Sasa Mwanaarabu anawaza ile gesi ya mdomoni. Wamuyu amemwambia kwamba ng'ombe anayelishwa nyasi kavu ngumu hubeua zaidi kwa kila kikombe cha maziwa anachotoa, na majani laini yenye nguvu huipunguza gesi hiyo. Kwa hiyo amepanda miche ya lusina, mti wa majani ya malisho, kando ya ua wote, akiirutubisha kwa majimaji yanayotoka mfukoni. Hana haja ya kurudisha kundi lake la zamani.

"Nataka wachache walioshiba," anasema. "Na nataka kikija kiangazi, miti hii iwe imenipita kimo."

Anachutama, anaushindilia mche mmoja kwa viganja.

"Mvua sina amri nayo," anasema. "Lakini pumzi ya zizi langu, hiyo nitaulizwa mimi."